Bastola Ambayo Mtaa Mzima Unaijua

Jumamosi, Novemba 1973. Washwood Heath, Uingereza.

Ukungu tangu asubuhi, ule mzito unaochanganyika na moshi wa viwanda hadi nguo zilizoanikwa ndani nazo zinanuka makaa. Nimechoka, nina hasira, nina hofu, na sijui nianze na ipi.

Leo nimenyimwa bastola.

Nikiisoma sentensi hiyo najiona nimepagawa. Msichana wa miaka ishirini na mbili, binti wa Mzee Kassam mwenye duka, aliyelelewa Voi kwa adabu zote, analia kwa sababu amenyimwa bastola. Lakini ndiyo hali. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Mama husoma Kigujarati, mdogo wangu Shirin husoma Kiingereza, na wote wawili wana tabia ya kuchungulia visivyowahusu. Hapa angalau naweza kusema kweli.

Kweli yenyewe ni kwamba sikuitaka kwa ajili ya kulenga karatasi.

Tangu kiangazi kuna kundi la vijana wanaotuandama. Yalianza matusi mlangoni, yakafuata mawe, kisha kioo cha dirisha la duka letu, na kila tukiweka kipya wanakivunja. Mkubwa wao huvaa koti la kijani la kijeshi na ana uso wa kitoto, mashavu mekundu, ukimwona kwenye basi unaweza kumpisha kiti. Mwishoni mwa Agosti walisukuma kitambaa chenye mafuta ya taa kupitia tundu la barua, kinawaka. Sisi tulikuwa juu tunakula chakula cha jioni. Baba alikimbia chini akakizima kwa mikono yake. Ngozi ya viganja ilibambuka kama ganda la nyanya iliyochemshwa, na mpaka leo vidole vyake havikunjiki vizuri. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Hawakuwa wabaya. Hawakufanya kitu, basi.

Mimi ni karani katika karakana ya springi, mjini, kwenye ile mitaa ambako tangu zamani watu wanatengeneza bunduki. Springi zetu nyingine huishia ndani ya bunduki hizo. Bosi wangu, Bwana Arthur, mzee mpole anayekula mkate na jibini kila siku ya Mungu, ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Baada ya moto aliniona nimenyong'onyea, akadhani nahitaji burudani, akanialika klabuni. Wengine wangenipeleka sinema.

Klabu iko chini ya kiwanda kilichofungwa, ukumbi mrefu wenye baridi ya kaburi. Wanawake tulikuwa wawili tu, na mwenzangu alikuja kwa sababu ya mumewe. Siku ya kwanza mkono ulinitetemeka nikatoboa dari. Baada ya muda risasi zangu zikaanza kukaa pamoja katikati ya karatasi, na wale wazee wakawa wananisifu na kuniuliza kama nyumbani Afrika nilikuwa nawinda. Nikawaambia nilikuwa nawinda nzi dukani kwa baba yangu. Sikuwaambia kwamba kwenye karatasi nilikuwa naliona koti la kijani, na kwamba nikishaliona, mkono hautetemeki tena.

Hilo linanitisha kuliko moto. Hapana, nadanganya. Moto unanitisha zaidi.

Kisha ikaja siku ya kuchagua. Hapa Uingereza huingii tu dukani ukatoka na bastola. Lazima uwe na klabu, uombe cheti polisi, na uwaambie unataka ya aina gani. Kwa hiyo Bwana Arthur alinipeleka kwa rafiki yake muuza silaha, mtaa wa nyuma ya karakana, nizishike kwanza. Yule bwana alitandika kitambaa kwenye kaunta akanitolea mbili. Moja ilikuwa ya mashindano, ndefu, nzito kwa mbele, mpini wake wa mbao umechongwa kufuata kiganja. Bwana Arthur alisema hiyo ndiyo ya kuanzia, ukiishika unajifunza kutulia. Niliishika. Ilikuwa nzuri, siwezi kukataa, ilinikaa mkononi kama iliyonipima.

Lakini macho yangu yalikuwa kwenye ile ya pili. Fupi, nyeusi, imechubuka chubuka, haina sura ya mashindano yoyote. Nikauliza kama inaweza kuingia kwenye droo ya kaunta.

Nilisema hivyo hivyo, mbele ya watu wazima wawili. Droo ya kaunta.

Muuzaji aliifunika kwa kitambaa, akairudisha kabatini akafunga na ufunguo. Bwana Arthur akakohoa, akaanza habari za mvua. Mimi nikasema haraka haraka kwamba nachukua ile ndefu, nilikuwa natania tu, na sote watatu tukacheka kama watu waliosikia mgeni akijamba.

Sajini wa polisi alikuja nyumbani mara ya kwanza mwanzoni mwa Oktoba. Mtu mzima, mwenye masharubu, alivua kofia mlangoni, nikampenda papo hapo. Alikagua kabati la chuma ambalo Bwana Arthur alinisaidia kulifunga ukutani chumbani kwangu. Akaniuliza bastola ni ya nini. Nikasema ni ya michezo, na sauti haikuyumba. Klabuni walikwisha kunionya kwamba ukitaja kujilinda hupati, hata ulie machozi ya damu. Baba siku hiyo alikuwa ameenda kununua bidhaa, nami nikashukuru kwamba hayupo. Mjinga mimi. Ningemkalisha chini jioni ile ile nikamweleza mambo ya nchi hii.

Lazima niandike habari ya Voi, la sivyo Baba ataonekana mpumbavu, naye si mpumbavu. Kule alikuwa na bunduki ya mitutu miwili, ya leseni. Siku alipoipata alisimama kibarazani mbele ya duka, soko limejaa watu, akapiga hewani mara moja. Kisha akawaita majirani waione, wakanywa chai, wakampongeza. Baada ya hapo akaitundika juu ya rafu ya sukari, ambako kila mteja aliiona, na sikumbuki kuisikia ikilia tena. Wenye maduka wote tuliowajua kwenye ile njia ya reli walifanya hivyo. Bunduki ilikuwa kitu cha kutangazwa, kama arusi. Aliyeificha ndiye aliyeogopwa, kwa sababu huyo alikuwa na mtu aliyemkusudia.

Kwa hiyo Baba alipojua binti yake anapewa bastola na serikali, alifanya anachofanya muungwana. Alitangaza. Mwezi mzima, mimi nikiwa kazini, kila aliyeingia kununua mkate au sigara aliambiwa. Mama wa Kiairishi wa nyumba ya pili ameambiwa. Mleta maziwa ameambiwa. Hata yule bibi kiziwi anayenunua peremende za mbwa wake ameambiwa, bila shaka kwa sauti kubwa.

Na leo asubuhi sajini amerudi, akamkuta Baba nyumbani.

Tulimkalisha sebuleni, chai na sahani ya chevda, ule mchanganyiko wetu wa dengu na karanga za pilipili, mbele yake. Nilikuwa tayari kutafsiri na kupunguza chumvi panapohitajika. Baba hakunisubiri. Alitumia Kiingereza chake mwenyewe, ambacho ni maneno machache lakini yote yanaeleweka. Binti yangu shabaha sana, bwana. Wale vijana, sasa basi. Alikuwa anatabasamu, na mikono yake yenye makovu ilikuwa imetulia juu ya magoti.

Sajini aliweka kikombe chini. Akasema amekwisha kuyasikia hayo mtaani, kwa watu mbalimbali, na ndiyo sababu amekuja. Kisha akanigeukia.

"Siku ile ya moto, ungekuwa nayo, ungeshuka nayo chini?"

Hapana ilikuwa tayari kwenye ulimi. Nimeizoea miezi yote hii. Lakini viganja vya Baba vilikuwa pale mbele yangu, na nikashindwa.

"Ningeshuka nayo."

Akanishukuru kwa kusema kweli. Akaeleza kwamba ombi langu limekataliwa na kwamba nitaandikiwa rasmi. Alisema anasikitika sana kwa yaliyompata Baba. Akaimalizia chai yake kwa heshima, akashukuru kwa chevda, akavaa kofia yake. Laiti angekuwa mkorofi, ningekuwa na mtu wa kumchukia usiku huu.

Alipotoka nilimfokea Baba. Sijawahi kumfokea maishani. Nilimwambia kwamba hapa si Voi, kwamba ameniharibia, kwamba tukiungua wote ajue ni mdomo wake. Maneno hayo yalitoka kwangu, Zubeda, ambaye bado hubusu mkono wake asubuhi. Mama alitoka jikoni akasimama katikati yetu na mwiko mkononi, hajui wa kumtisha ni nani. Baba hakunyanyua sauti.

"Mwanangu, tangu nianze kusema, kioo kimevunjwa mara ngapi?"

Hakijavunjwa. Hata mara moja.

Nilikaa kwenye ngazi. Mwezi mzima tumelala usingizi, nami nilidhani ni baridi imewafukuza vijana. Kumbe ni bastola yangu. Imelinda duka vizuri kabisa, na haijawahi kutoka kwa yule muuzaji. Baba akasema basi, jambo ni jepesi, tusimwambie mtu kwamba tumenyimwa. Mama akauliza, "Na wakija kuitazama?" Akarudi kwenye sufuria zake.

Alasiri nilikuwa kaunta, Baba amepanda juu kuswali. Koti la kijani likaingia.

Alikuwa peke yake. Sijawahi kumwona karibu hivyo. Ana chunusi kidevuni, na kiatu kimoja amekifunga kwa kamba ya kifurushi. Mimi nilikuwa nimeinama kuchukua mifuko ya karatasi chini ya kaunta, kwa hiyo mkono wangu wa kulia haukuonekana. Akasimama ghafla katikati ya duka. Aliangalia mahali mkono ulipopotelea.

Sikuutoa.

Niseme kweli, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu. Ilikuwa tamu. Miezi yote hii nimekuwa nikizunguka barabara ya mbali nisikutane naye, na sasa yeye ndiye aliyekosa pa kuweka miguu, na mkononi nilikuwa na mifuko ya karatasi. Nilitamani asimame hapo mpaka kesho.

Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ni kweli ninayo. Ukweli nilikwisha kuutoa asubuhi kwa sajini, na faida yake niliiona.

"Ninayo," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, hakunipa kisogo mpaka mlango ukamgusa mgongoni. Hapo akasema kwa sauti ya chini, na nadhani hakuwa ananitisha. Nadhani naye alikuwa na hofu.

"Kaka yangu naye anayo. Nimeshamwambia habari zako."

Kengele ya mlango ikalia akawa ameondoka.

Nilimwachia Shirin duka nikaenda kituo cha polisi mbio, bila koti. Sajini wangu hayupo hadi Jumatatu. Aliyekuwepo alikuwa kijana wa rika langu, akanisikiliza, akaniuliza jina la huyo mwenye kaka. Nikafungua mdomo nikakuta silijui. Wiki zote hizi nimemlenga yule mtoto kifuani, na sijui anaitwa nani. Akaniuliza tena, sisi bastola tunayo au hatuna, maana na yeye amesikia tunayo. Nikasema hatuna. Akaniangalia kama mtu anayeangalia noti inayotiliwa shaka.

Sasa wote wamelala. Sijamwambia Baba. Jioni alikuwa na furaha, akamchekesha Mama, akasema nchi ni nyingi lakini watu ni wale wale. Labda yule kijana alidanganya kama nilivyodanganya mimi. Labda kaka mtu hana hata manati, na mtaa huu una bastola mbili ambazo hazipo, kila moja inaiogopa mwenzake. Lakini mimi nilidanganya vizuri akaniamini, na sasa mimi ninamwamini yeye. Nikitangaza kwamba hatuna, mafuta ya taa yatarudi mlangoni. Nikinyamaza, atakuja mtu ambaye akiuona mkono wangu umepotea chini ya kaunta hatarudi kinyumenyume. Hakuna la tatu. Nimelitafuta.

Jumatatu nitamwendea sajini nimweleze yote, hata lile la kaunta, hata kwamba ilikuwa tamu. Lakini kabla ya Jumatatu kuna Jumapili.

Jumapili magazeti huachwa nje alfajiri, yamefungwa kwa kamba. Baba hushuka peke yake kuyaingiza. Huacha mlango wazi, huinama pale kizingitini, mgongo wake kwa barabara, na huchukua muda mrefu kufungua kamba kwa vile vidole.

Kesho nitashuka mimi.