Mfereji wa Stesheni Yetu

Kambi ya wachuma chai, Kericho

Kwako Dada Mwende,

Mko salama hapo ng'ambo ya reli? Miguu ya Mwaitu, mama yetu, imepungua kuvimba? Na mbuzi walivuka kiangazi? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Huku mvua inanyesha kila mchana na tunachuma chai tukiwa tumelowa. Mashine nazo zimekuja, kwa hivyo wengine tumerudishwa kung'oa magugu.

Uliniambia kwa simu kwamba kanisa limepewa ile nyumba ya stesheni, na mchungaji anataka aliyefanya kazi pale aandike historia yake isomwe siku ya kufungua. Ukasema, "Andika, lakini mambo ya Baba uyaruke." Nimejaribu kuyaruka, nimeshindwa.

Stesheni yetu ilikuwa chumba kimoja cha mawe, nyumba nne za wafanyakazi tulizoziita landi, na tangi. Kisima hakikuwapo. Treni ya mizigo ilileta behewa la maji kila wiki, wakaunganisha mpira, wakajaza tangi. Watu wengi walikuja pale kwa sababu ya maji, si safari. Kazi ya Baba ilikuwa kugeuza reli ili treni zipishane, lakini kina mama wakifika na punda aliwafungulia mfereji wa tangi kidogo kidogo. Haikuruhusiwa. Stesheni masta alijifanya haoni.

Mwaka ule wa ukame, mimi nikiwa kibarua wa kufyeka kando ya reli, behewa lilichelewa sana. Unatujua sisi watu wa kwetu: mfereji ukikauka unauacha wazi, mtungi chini yake, ili maji yakija uyasikie. Asubuhi moja nilifungua, hata tone hakuna. Nikauacha hivyo, nikaenda kufyeka mbali.

Behewa likaja saa hiyo. Walijaza tangi wakaondoka bila kuangalia mfereji, na Baba alikuwa kule mwisho wa stesheni akipitisha treni nyingine. Niliporudi tangi lilikuwa tupu, kokoto zimelowa, punda wanalamba mawe. Kina mama walisimama tu na mitungi yao.

Inspekta wa reli alipokuja aliuliza, "Nani aliacha mfereji wazi?"

Kabla sijajibu, Baba akasema, "Ni mimi, bwana." Kisha akaninong'oneza kwa Kikamba, "Nyamaza. Jina lako liko kwa orodha ya kuajiriwa."

Sikuajiriwa. Hakuna aliyeajiriwa. Baba alifukuzwa, tukahama landi, na sokoni wakaanza kumwita: "Bwana Mfereji! Leo umefunga?" Alicheka nao. Nyumbani hakucheka.

Na wewe Dada, siku mliyogombana na Baba ulimwambia, "Ungefunga tu ule mfereji, tungekuwa bado landi." Nilikuwa hapo nikila. Baba aliniangalia mara moja, akaendelea kula isyo yake, mahindi na maharagwe. Ningesema siku hiyo. Tulimzika bado sijasema.

Msomee Mwaitu barua hii kwa Kikamba, mkiwa wawili tu. Akiuliza kwa nini nilinyamaza miaka hiyo yote, mwambie niliona aibu. Kisha mpe mchungaji aisome yote. Usiruke kitu.

Nisalimie shemeji fundi wa baiskeli, shangazi wa Kathonzweni, na wale kina mama wa punda walio hai. Wasipungukiwe na afya.

Nimeomba ruhusa kwa msimamizi. Siku hiyo nitakuja, nitakaa nyuma kabisa. Mchungaji akifika pale inspekta anapouliza, atulie kidogo. Nitasimama nijibu mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Mutua