Kumi, Halafu Mmoja

Jumapili, 2 Juni 1974

Asubuhi kama kawaida. Mimi ncha hii, Baba ncha ile, melimeli nyeupe katikati, mita tano. Anavuta, navuta. Tunakunja mara mbili, tena mara mbili. Kisha anajifunga mwenyewe mbele ya kioo: kilemba bapa, mstari mmoja ulionyooka juu ya paji la uso, kama ameupima kwa pimamaji. Seremala hawezi kuvumilia kitu kilichokwenda upande. Nimeshika ncha hii tangu nina miaka sita. Sasa nina thelathini na moja na bado naambiwa, "Vuta, Jito, vuta! Haukukula?"

Baridi kali. Tukaenda gurdwara, hekalu la Masingasinga, kwa miguu, Baba, Mama na mimi.

Sala ya kusimama. Msomaji akataja Guru wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi. Hapo wote wanaishia. Baada ya wa kumi Guru ni Kitabu kitakatifu, basi, hakuna mwingine. Lakini Baba si wa kundi lao. Ukoo wake wote ni wa kilemba bapa, na kwao yupo Guru aliye hai, anapumua, na jina lake linafuata. Miaka thelathini Baba amelitaja kwa mnong'ono, ndani ya ndevu, asimuudhi mtu.

Ila masumeno ya karakana ya kampuni ya shaba yamemla masikio. Hajisikii tena. Leo mnong'ono wake ulitoka kama mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya reli. Jina zima. Nyumba nzima ikageuka. Yeye amefumba macho, ametulia kama mtoto aliyeshiba.

Niliona haya. Sasa naona haya kwa kuwa niliona haya.

Jumatatu, 3 Juni

Hakuna aliyesema kitu, na hicho ndicho kibaya. Jana kwenye chakula cha pamoja baada ya sala watu walisogea. Mkeka ukabaki mtupu pande zote mbili za Baba. Akadhani wamemwachia nafasi kwa ajili ya magoti yake mabovu. Akawashukuru! Kwa sauti, bila shaka.

Tumebaki wachache kiasi kwamba mkeka mmoja unatutosha sote. Wengine wamekimbilia Zambia, wengine Ulaya. Na bado mkeka huo huo una kwetu na kwao.

Jumanne, 4 Juni

Bwana Harnam alikuja saa kumi na moja jioni. Katibu wa kamati. Kilemba cha buluu, ncha imesimama mbele kama paa la kanisa. Akakaa kwenye kile kiti cha kona.

Kiti kile kile. Novemba, serikali ilipochukua maduka ya wageni, alikaa hapo akalia mpaka ndevu zikalowa. Duka lake la vitambaa amepewa mtu wa Chama ambaye hajui hariri na gunia. "Wamenifanya mgeni katika mji niliozaliwa," alisema. Baba akamshika mkono, Mama akampikia chai. Melimeli ya kilemba cha Baba ilitoka duka lile miaka yote.

Leo amekunywa chai ile ile. Kisha akasema kamati imekaa. Fundi Singa (hilo ndilo jina la Baba mjini kote) asiingie tena, mpaka akubali mambo mawili. Afunge kilemba kama wenzake. Aishie kumi. Kumtaja mtu aliye hai mbele ya Kitabu ni kukitukana Kitabu. Alisema kwa upole, kama anayepima kitambaa.

"Nyinyi wawili, wewe na Mama, mnaweza kuja," akaongeza.

Kah! Miaka yote wametukunjia pua. Mama ni Muluba, Mkatoliki wa huko kaskazini, na mimi ni wa rangi mbili. Kwenye kitambulisho naitwa Ngoie, kwa Baba naitwa Jito, na kwao sikuwahi kuitwa. Leo sisi ndio wageni wa heshima.

Akaniomba nimwambie Baba, eti mimi ndiye ninayesikika. Mwoga. Nikalisogelea sikio la Baba la kushoto, lile lenye uhai kidogo. Baba akanitazama akitabasamu, anangoja habari. Sikuweza.

"Paa la gurdwara linavuja!" nikapiga kelele. "Wamefunga! Jumapili usiende!"

"Inavuja?" Baba akashangaa. "Juni? Mvua iko wapi?"

"Wanataka kulitengeneza kabla ya mvua!"

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Bwana Harnam akanitazama. Hakunisahihisha. Akamaliza chai yake.

Jumatano, 5 Juni

Baba amechangamka. Ameshinda uani ananoa patasi. Amepaka mafuta randa. Tangu astaafu sijamwona hivyo. Nadhani ni jua tu limemwingia.



Alhamisi, 6 Juni

Nilirudi kutoka ofisini, sanduku la vifaa halipo. Mama akasema, "Amekwenda kutengeneza ile paa yenu."

Ile paa yenu. Jana nzima nilikuwa na macho, na sikuona. Nilikimbia na viatu vya kazini mpaka nikavivua.

Nilimkuta juu ya ngazi, miaka sitini na minane, anagonga dari kwa nyundo, ubao mmoja mmoja, anatafuta pale panapovuja. Chini Bwana Harnam anamfokea. Anamfokea kiziwi! Baba haoni, hasikii, anagonga. Mwishowe Bwana Harnam akachana kipande cha katoni, akaandika uamuzi wa kamati kwa maandishi yao, akakiinua juu kwa mikono miwili.

Baba akasoma pale pale juu. Akasoma tena. Akashuka polepole, kidato kwa kidato, nyundo ndani ya mkanda. Hakumtazama Bwana Harnam. Alinitazama mimi.

"Hata tundu moja hakuna," akaniambia.

Tukarudi nyumbani kila mtu na upande wake wa barabara. Nilimbebea sanduku. Lilikuwa zito, na nilifurahi kwamba ni zito.

Ijumaa, 7 Juni

Sikulala vizuri, sikufanya kazi vizuri. Nimepiga barua moja mashine mara nne, na mkubwa wa ofisi ananiita citoyenne, mwananchi wa kike, kwa sauti ya mwalimu anayeshika fimbo.

Asante ya punda ni mateke. Milango ya gurdwara ile ni mikono ya Baba. Mulombwa, mbao nyekundu, aliikata mwenyewe enzi za Wabelgiji, akachonga majani pembeni, akaacha upenyo kwenye nakshi ili upepo upite. Kitanda cha Kitabu, yeye. Rafu ya viatu nje barazani, yeye. Alipokuwa anapiga randa, hakuna aliyemwuliza kilemba.

Na Bwana Harnam! Novemba alilia kwa kuitwa mgeni. Juni anamwita mwenzake mgeni. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nikasema nitakwenda na bisibisi nikaing'oe milango yote miwili. Mama alikuwa anakoroga bukari, ugali wa jioni, hakugeuka.

"Utaiweka wapi? Hapa kwetu iko mulango tayari." Akaendelea kukoroga, kisha akaanza yeye. "Bale bantu! Mungu iko anaangalia kilemba? Banapenda milango, banakatala fundi. Aende kwa mapadri basi. Kule kwetu hata mulevi anaingia."

Baba hakusikia. Au alisikia. Alikula, akaosha sahani yake, akakaa na ushanga wake wa sala, wa sufi nyeupe, fundo moja baada ya jingine, mpaka nikaenda kulala.

Sijamwomba msamaha kwa uongo wangu. Msamaha wa kupiga kelele sikioni unakuwa kama matusi.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika hili haraka kabla sijalipamba.

Leo asubuhi Baba aliniita. Ncha hii, ncha ile. Nikavuta. Tukakunja, lakini akaniashiria: hapana, si hivyo. Kunja kwa upande. Nikaelewa anachotaka. Alikuwa anataka kufunga kama wao.

Hajui. Miaka sitini anafunga bapa, mikono haijui njia nyingine. Alianza, kikalegea. Akaanza tena. Mara ya tatu ncha ikasimama mbele, imepinda kushoto. Akajitazama kwenye kioo. Muda mrefu. Mimi nyuma yake, nimeshika ncha.

Nilitamani aseme, "Basi, itatosha." Ndiyo, nilitamani! Aende, aingie, akae kwenye mkeka, yaishe. Nani atamwona Guru wake ndani ya kilemba? Mimi mwenyewe siamini vizuri, si kumi, si huyu anayefuata, wala Bikira wa Mama. Ninachotaka ni Baba aketi mahali alipozoea kuketi.

Akaucheka uso wake kwenye kioo. Kicheko kidogo, kibaya.

"Huyu nani?" akauliza.

Akafungua yote. Tukakunja upya, bapa.

Kisha akachukua brashi mbili na kopo la dawa ya viatu, akavifunga ndani ya kitambaa. Nikamwuliza kwa mikono: vya nini? Akasema, "Kamati imesema nisiingie. Haikusema nisiende."

Nimeapa siendi. Acha aende peke yake akadhalilike. Mimi sitazami.

Jumapili, 9 Juni

Nilikwenda.

Baba alikaa nje barazani, kwenye saruji baridi, kando ya rafu ya viatu. Kwao hiyo ni ibada. Mtu akitaka kuushusha moyo wake, anapangusa viatu vya wanaosali. Hakuna anayeweza kumkataza mtu kazi hiyo, maana ni kumkataza asijishushe. Watu walifika mmoja mmoja, wakamkuta, wakavua viatu. Ungeona nyuso! Wengine waliviweka mbali naye, akavifuata. Bwana Harnam alisimama kwanza kana kwamba atarudi nyumbani. Kisha akavua, akaviacha, akaingia upesi na soksi zenye tundu.

Viatu vya Bwana Harnam Baba alivisugua kuliko vyote. Nilitaka kumpokonya. Nilitaka kuvitupa mtaroni. Hasira ilinipanda mpaka machozi, nikageukia ukuta.

Milango ikafungwa kwa sababu ya baridi. Mama alikataa kuingia. Akakaa na rozari yake kwenye ngazi, anasali sala zake kwa ubishi.

Baba akaniita kwa kidole. "Sala ya kusimama ikianza, mimi sitaona midomo ya musomaji," akasema. "Utanishika mukono. Utanihesabia."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kuhesabu vibaya, nimfikishe tisa, sala ipite, asijue. Nimeshamdanganya mara moja wiki hii na mkono wangu ulikuwa tayari.

Walisimama. Tukasimama. Nikaweka sikio kwenye upenyo wa nakshi. Baba akanyoosha mikono yote miwili, vidole kumi, vyenye makovu ya patasi, vyeusi kwa dawa ya viatu. Jina la kwanza: nikakunja kidole kimoja. La pili. La tatu. Mkono wa kwanza ukawa ngumi. Nikahamia wa pili. La nane. La tisa.

La kumi. Nikakikunja.

Ndani, msomaji akanyamaza kidogo. Sijui alimeza mate au alingoja.

Baba akafumba macho akanong'ona jina la Guru wake, na mnong'ono ukapita kwenye milango ya mulombwa, ukajaa nyumba nzima. Hakuna aliyekohoa. Kisha msomaji akaendelea.

Walipotoka, viatu viling'aa safu nzima, hata malapa. Mama mmoja mzee alimgusa Baba bega. Huyo mmoja tu. Bwana Harnam alivaa vyake bila kufunga kamba, akanijia.

"Jumapili ijayo rafu itakuwa ndani, asikoruhusiwa," akasema.

"Aliitengeneza yeye," nikamwambia.

"Najua," akasema, akaenda.

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi. Baridi imepungua. Mimi ncha hii, Baba ncha ile.

Sijamwambia habari ya rafu. Nitamwambia. Safari hii nitamwambia kweli, leo jioni, sikio la kushoto.

Katikati ya kukunja akasimama, melimeli imening'inia kati yetu.

"Jana nilisema polepole?" akauliza. "Hawakusikia?"

Nikatikisa kichwa. Hawakusikia, Baba.

"Muzuri," akasema. "Vuta."

Nikavuta.