Mtu Asiyezuilika

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila sina utulivu.

Jana meneja alinisifu kwa Kiingereza mbele ya wote wa chumba cha kufulia hapa hotelini. Ukiyageuza kwa Kiswahili, maneno yake ni kama "nguvu ya maumbile". Wenzangu walipiga makofi. Nikiwauliza maana wanacheka tu. Tangu mwenzangu wa mashine ya pasi aache kazi, nafanya zamu yake na yangu. Hebu muulize jirani yako mwalimu: ni sifa kweli?

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti bado lina kiburi, lakini linanifikisha sokoni.

Mwalimu anasema ni sifa, tena kubwa. Waingereza humwita hivyo mtu asiyezuilika, mfano wa dhoruba au mafuriko. Husemwa sana katika hotuba za kumsifu au kumuaga mtu. Nilifurahi mpaka nikamwaga chai. Kisha nikawaza: mafuriko hayaulizwi kama yamekula. Wewe nani anakuuliza? Na ule mkono uliokuwa ukiuma, mbona husemi? Omba mtu wa pili kwenye mashine.

Mama yako

2 Aprili

Mwanangu,

U hali gani? Wiki tatu kimya, na simu inaita tu. Kila gari likisimama natoka nje. Nimemgombeza mwalimu bure, utadhani yeye ndiye aliyeyatunga maneno yale. Niandikie hata mstari mmoja. Naogopa.

Mama yako

9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe, naandika kwa mkono wa kushoto.

Sikuomba mtu wa pili. Baada ya sifa ile niliona aibu kusema nimechoka, hata kwako. Meneja akaniongezea na mapazia, nikaitikia. Wiki iliyopita mkono ulikufa ganzi, rola za mashine ya pasi zikavuta shuka pamoja na vidole. Viwili vimevunjika. Daktari anasema vitapona.

Meneja alikuja hospitali na maua. Akawaambia wauguzi maneno yale yale, kwamba mimi sizuiliki, Jumatatu nitakuwa kazini. Wote wakanitazama wakitabasamu. Mama, nilikaribia kuitikia.

Nikamwambia, "Jumatatu siji. Nimechoka."

Akauliza mashuka yatapigwa pasi na nani.

Nakuja nyumbani Alhamisi. Nywele sijazichana tangu siku ile. Mkono mmoja hautoshi. Naomba unisuke.

Mwanao