Akala Zilizogeuzwa Mlangoni

Kwako Baba,

Habari za hapo mtaani Baba Dogo? Mgongo wa Mama umepoa? Na wewe, bado unakata tairi bila miwani kwa ukaidi tu? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Seoul haina adabu, na tangu tulipoongea kwa simu sijalala vizuri.

Nilikuambia chuo kimenipa nafasi ya kukaa mwaka mmoja zaidi nikitaka. Ukanijibu bila hata kupumua, "Chukua! Huku kuna nini?" Baba, nilikata simu nikalia. Nilitaka uniambie nirudi.

Jumamosi Minji, msichana tunayeishi naye chumba kimoja, aliona nimenuna akanivuta twende makumbusho ya sanaa. Humo kuna chungu kikubwa cheupe kimewekwa peke yake, watu wanakizunguka kimyakimya kama wako kanisani. Na kimepinda! Nikasikia sauti yako kabisa: "Hiki kirudishiwe fundi." Nikaangua kicheko, mlinzi akanitolea macho. Halafu nikageuka nimwambie mtu, na hapakuwa na wa kumwambia kwa lugha yetu.

Jumapili tukaenda kuona nyumba za zamani, zile za paa la vigae na sakafu inayopashwa moto kwa chini. Katika moja kuna bibi mzee anayeuza chai, na huingii na viatu. Nilikuwa nimevaa akala za tairi ulizonishonea, na soksi ndani, usicheke. Nikaziacha mlangoni zikitazama ndani.

Tukiwa tunakunywa, nikamwona bibi ameinama mlangoni. Akaokota akala zangu, akazipindua akaona alama za tairi, akatabasamu. Kisha akaziweka chini zikitazama nje.

Nikasema haya, hata hapa nafukuzwa. Nikaweka kikombe, nikasimama niage. Minji akanishika mkono. "Unaenda wapi?"

"Si ananionyesha mlango?"

Alicheka mpaka akamwaga chai. "Wee! Anakurahisishia. Ukitoka unaingiza mguu tu, unaenda, huhangaiki kugeuka. Amekupenda huyo."

Nikakaa, lakini chai nikaisahau. Nilikuwa nakuona wewe pale kibandani kwako sokoni Kariokor, simu sikioni, ukiniambia "Huku kuna nini?" kwa ile sauti ya juu unayotoa ukiwa umebanwa na kitu. Kumbe ulikuwa unanigeuzia viatu, Baba. Na mimi nikakukasirikia.

Basi nimewajibu chuo ndiyo. Nitakaa huo mwaka, ingawa nimewakumbuka nyinyi mpaka mwili unauma. Harufu ya gundi kwenye shati lako, Mama akigombana na redio, hata kelele za kiwanda kile cha nyuma nazitamani.

Nisalimie Mama, umwambie asibebe maji peke yake. Msalimie mdogo wangu Wafula, mwambie niaje, na asiguse godoro langu. Na mzee Mutua, jirani yako wa kibandani, mwambie akala zako zimechekewa na bibi wa Korea, kwa mapenzi.

Jambo moja tu nakuomba. Ndala zangu za bluu ziko hapo mlangoni. Mama asizifiche chini ya kitanda. Ziache hapohapo, Baba, na uzigeuze zitazame ndani.

Ni mimi binti yako,
Nafula