Viatu Ulivyonitumia

Karurumo,
11 Juni 1996

Kwa Kaka Munene,

Huku tuko salama, na ng'ombe amezaa ndama jike. Viatu vya kukimbilia vilifika. Mama alivionyesha kanisa zima.

Sasa nikuambie wewe peke yako. Vilikuwa vikubwa kwa namba mbili. Najua ulitaka nikue navyo, kama Mama alivyotununulia siku zote. Nilijaza magazeti mbele, nikafanya mazoezi wiki moja, ukucha ukang'oka. Na mbio za wilaya zilikuwa Jumamosi.

Nikavipeleka sokoni kwa Idrisi, muuza mitumba. Alijaribu kuvikunja, vikakataa.

"Hivi ni vya kupigia picha," akasema. Akanipa vingine vyepesi, vimechakaa kidogo. "Kimbia mpaka kwa yule mama wa ndizi, urudi."

Unajua ninavyoona haya. Lakini nilikimbia.

"Huyu msichana ameiba nini?" mama wa ndizi akauliza, na soko lote likacheka. Nikarudia tena bila kuambiwa, kwa sababu kisigino hakikutoka na vidole havikubanwa. Tukabadilishana.

Jumamosi nilimaliza wa pili. Naenda mkoani.

Mama hajui. Hivi vya Idrisi naviacha shuleni, naye kila Jumapili anakuombea kwa ajili ya vile ulivyotuma.

Sijutii, Kaka. Mguu wangu uliacha kukua mwaka juzi, na wewe hukuwepo kuuona. Ukikasirika, usiniandikie. Njoo unigombeze hapa nyumbani, Mama akiwa anasikia.

Mimi dada yako,
Wawira