Kiti ya Masisi, Furaha Anaiomba

Furaha anasimama député, Papa Furaha. Mutoto wako wa kwanza anataka kwenda Kinshasa kutunga sheria. Unisamehe, sijakusalimia, mudomo yangu unaijua. Sasa nakusalimia. Hapa Kingi tuko wazima, na maharagi imebeba vizuri.

Tangu tukurudishe kutoka Kirotshe ukiwa umefunikwa sanda, mengi imebadilika. Mara ile ya kura, hapa Masisi hatukuchagua sababu ya vita. Kwa hiyo batu wana hamu. Lakini bakubwa wa kuomba kura hawakubadilika: wanafika na magari, wanagawa chumvi na bitenge yenye sura yao, wanaenda. Furaha amekataa. Hagawe kitu. Anasema député arudi kila kikao ikiisha, asimame sokoni, aeleze aliunga mukono nini. Nani mwingine alizaa mutoto kama huyu? Ni mimi. Na wewe kidogo.

Sikia sasa. Mukutano yake ya kwanza, mi mama muzazi nilienda nimefunga kitenge ya mushindani wake, ile tu njo ilikuwa safi. Uso ya yule muzee yote kwenye makalio yangu. Bamama wakacheka: "Mama Furaha, umekalia député." Nilitaka kukimbia. Furaha akasema mbele ya wote: "Mama, uifunge tu. Walikupa, iko yako. Na kura nayo iko yako." Bamama wakajitazama, maana wengi walikuwa wamefunga ileile. Kisha wakapiga vigelegele. Kama kura ingekuwa siku ile, Papa, ingeisha mbele ya saa sita.

Shida iko nyumbani. Mudogo wako Bahati anasema: "Ameolewa Mpofi, akaombe kura huko kwa mume, Walikale." Kule Mpofi nako wanamuambia: "Wewe uko wa Masisi." Kama familia ya baba yake haimusimamishe, kila kilima itauliza: kwao wenyewe wamemukataa, sisi tumuchague juu ya nini? Ilikuwa kazi yako kumushika mukono mbele ya bandugu na kusema huyu ni wetu. Hauko. Hapo njo nakulilia.

Unakumbuka siku ya kugawa shamba? Furaha alikuwa mudogo, akaongea katikati ya babaume, wakamufukuza. Ukasema polepole tu: "Muache amalize." Akamaliza. Shamba ikagawanywa vile alisema, na mpaka leo hakuna mwenye kugombana.

Basi nimeita familia yote, na bakwe wa Mpofi pia. Mukono ya Furaha nitaushika mimi. Bahati akitaka kunikatisha, atanikuta nimesimama, na unajua mi nikisimama hakuna wa kunikalisha. Nakuahidi hilo.

Lala vizuri, mume wangu. Majani ya sombe nitaitwanga Jumamosi. Wote wanakuja Jumapili, misa ikiisha.