Kigoda Chako Mlangoni kwa Masunga

Alhamisi, 19 Mei 1994

Mpendwa Mama,

Leo jioni jumuiya yetu inasali nyumbani kwa Masunga, na mwenyekiti ni mimi. Ninaogopa. Tangu asubuhi nafagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa.

Walinichagua tulipomaliza matanga yako. Hawakuuliza ninaweza nini. Mama Deo alisema tu, "Mwana hutazama kisogo cha nina," wakapiga makofi, ikawa basi. Ni kweli nilikitazama. Ulinibeba mgongoni ukienda kusali nyumba kwa nyumba, na nilipokua nikatembea nyuma yako, kigoda chako kichwani pangu, kitambaa chako cha kijani kimelegea upande mmoja kama kawaida. Sasa mbele yangu hakuna kisogo.

Masunga unamkumbuka, yule Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake. Mkewe alikuletea mtindi ulipougua. Siku hizi malori ya wafanyabiashara yanatoka mjini kununua mahindi hadi shambani, kwa hiyo kila mtu amelima na kulima mpaka njia ya ng'ombe imekwisha. Kabla ya Pasaka ng'ombe wa Masunga wakaingia kwenye mahindi ya Baba Deo. Kijiji kimeshawapatanisha. Lakini zamu ya kusali ilipofika kwa Masunga, watu wakataka tuiruke nyumba yake. "Ni watu wa kuja," wanasema. "Wakirukwa watazoea." Naye Masunga ameniambia, kwa upole tu, kwamba zamu yake ikirukwa, yeye na wanawe hawatasali nasi tena.

Parokiani tulipewa semina ya viongozi wa jumuiya. Mwalimu alitufundisha kusikiliza, kugawa kazi, kutopendelea. Alifundisha vizuri. Kisha akaniuliza: watu wakikataa, kiongozi afanye nini? Nikasimama, nikakaa tena.

Nilikuwa nakuona wewe, mwaka ule watu walipomsusa Bibi Yustina kwa sababu alikataa kurithiwa na shemeji yake. Hukumhutubia mtu. Ulikwenda mapema, ukaweka kigoda chako nje ya mlango wake, mahali ambapo kila apitaye angekiona, ukakaa ukimsaidia kuchambua mboga. Wa kwanza kupita akakutania, "Mama Kristina, umeajiriwa kulinda kuku?"

"Nalinda nafasi yako," ukamjibu. "Lete kigoda."

Akacheka, akaenda kukileta. Wengine wakafuata. Njiani tukirudi uliniambia, "Nilikuwa natetemeka, hukuona?" Sikuona, Mama. Nilikuwa nyuma yako.

Jumapili nilitangaza kwamba Alhamisi ni kwa Masunga. Baba Deo akasema, "Haya mwenyekiti, utaimba na ndama."

"Ndama wanaitikia vizuri kuliko wewe, Baba Deo."

Walicheka, hata yeye kidogo, ila hakusema kama atakuja. Hakuna aliyesema.

Jana nilipita kwa Masunga. Mkewe alikuwa anasiriba sakafu upya, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko. Akaniuliza, "Wakija wengi, dada, tutaenea humu?" Nikamwambia tutaenea. Tangu hapo sijatulia. Kuchekwa nitakuvumilia. Ninachoogopa ni ile sakafu, ikauke vizuri, na kesho iwe bado haina alama ya mguu wa mgeni.

Kigoda chako nimekifuta vumbi. Mguu wake mmoja bado mfupi, na bado sijui ulikaaje juu yake bila kuyumba. Nitatangulia mapema, nikiweke nje ya mlango, nikae. Nitamwomba mama wa nyumba anipe mboga za kuchambua, mikono ipate kazi.

Kwa heri, Mama. Nikikaa pale peke yangu, unikumbuke. Na wakija, unikumbuke vilevile.

Binti yako,
Kristina